Bia, Glasi na Malalamiko: Maelezo kwa Wanaotoka Jioni Lubumbashi

Tangu joto la Oktoba lilipoanza, huduma yetu ya usafi wa vyakula na vinywaji imepokea malalamiko mengi kuhusu bia inayouzwa katika baa, buvete na terasi za mji wetu. Wengi wa wanaotuandikia wanadai kwamba bia waliyouziwa ilikuwa mbovu au ya kughushi, na baadhi yao wanataka tufunge nyumba nzima siku hiyo hiyo. Kwa kuwa ukaguzi unaendelea katika komini zote, kuanzia Kamalondo na Kenya hadi Ruashi na Katuba, tumeona vema kueleza tunachokikuta huko, jinsi lalamiko linavyopaswa kuletwa ili liweze kushughulikiwa, na kinachomngojea mwenye baa anayepatikana na kosa. Maelezo haya hayatangulii matokeo ya ukaguzi wowote, wala hayamlengi mfanyabiashara fulani.

Hatuna ugomvi na bia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na katika miaka ya 1920 tayari ulikuwa na kiwanda chake cha bia, kwa hiyo babu zetu wengi walioletwa kuchimba shaba walikunywa bia ya hapa hapa. Simba na Tembo ni majina ambayo mtoto wa Lubumbashi huyajua kabla ya kujua kusoma, na hilo la pili lina utani ndani yake, kwa kuwa lebo inaonyesha mnyama, ilhali Waswahili wa pwani wakisikia neno tembo hufikiria pia pombe ya mnazi. Jioni ya mechi, uwanja wa TP Mazembe unapomwaga watu wake katika barabara za Kamalondo, meza hutolewa nje, michopo ya mbuzi huwekwa juu ya makaa, na kasie (kreti) za bia huanza kushuka. Sisi pia ni watu wa mji huu na tunakaa kwenye meza hizo.

Kwanza ieleweke kwamba bia iliyofungwa kiwandani ni miongoni mwa vinywaji salama kabisa vinavyouzwa mitaani. Maji ya kimea huchemshwa pamoja na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, na bia inapokwisha kuingia chupani kwa kawaida hupashwa tena joto la nyuzi 60 hivi ili chachu na vijidudu vilivyobaki vife. Tena ina uchachu, ina pombe, ina gesi, na haina hewa, mambo ambayo vijidudu vya maradhi haviyapendi. Chupa iliyofungwa vizuri inaweza kupoteza ladha, lakini ni nadra sana kumletea mtu ugonjwa wa tumbo.

Basi ile ladha mbaya inatoka wapi? Mara nyingi inatoka juani. Hopsi ina viungo ambavyo mwanga ukivipiga hugeuka na kutoa harufu kali kama ya mnyama aitwaye kicheche, na ndiyo sababu viwanda vingi hutumia chupa ya rangi ya kahawia, inayozuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Chupa hiyo, hata hivyo, haikutengenezwa ili ikae wiki nzima kwenye baraza la depo (duka la kasie za bia), kasie juu ya kasie, jua la saa nane likiipiga. Joto nalo huizeesha bia mapema, ikawa na ladha ya karatasi iliyolowa. Halafu kuna habari ya friji. Mwenye baa anasukuma chupa ndani kabisa, zinaganda, umeme unakatika, barafu inayeyuka, umeme unarudi, zinaganda tena. Mwishowe ndani ya bia yanaonekana mabonge madogo meupe yanayoelea. Tumeletewa chupa za namna hiyo zaidi ya mara moja kama ushahidi wa bia ya kughushi. Mabonge hayo ni protini za nafaka zilizoshikana kwa baridi. Si sumu, ni uzembe wa muuzaji, na mteja ana haki ya kuirudisha chupa hiyo na kupewa nyingine.

Tunachokiogopa sisi ni glasi. Jumamosi moja jioni tuliingia katika terasi iliyojaa, mahali pazuri penye muziki wa kiasi na vyoo vinavyofungwa. Nyuma ya kaunta palikuwa na beseni moja la plastiki la bluu, na dada aliyekuwa akihudumia alizamisha humo glasi nne kwa pamoja, akazitoa, akazipigapiga hewani mara mbili na kuzipanga juu ya trei. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Ukingoni mwa glasi moja rangi ya midomo ya mteja wa kwanza ilikuwa bado inang’aa. Tulimwuliza, «Mama, maji haya ni ya saa ngapi?» Akajibu kwa heshima zote, «Ni ya leo, papa.» Hakudanganya. Yalitekwa asubuhi.

Msomaji wa jimbo la Haut-Katanga hahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Anachohitaji kukumbuka ni kwamba mtu anaweza kubeba vijidudu vyake bila kuugua, akala, akanywa, akashika glasi, na beseni moja likawagawia wote waliobaki. Hapo hukutana na jibu tulilolisikia mpaka tumelichoka, kwamba bia yenyewe ni pombe na pombe inaua vijidudu. Pombe ya kuulia vijidudu ina nguvu ya asilimia 60 hadi 80. Bia unayoinywa ina asilimia 5 hivi, nayo inakaa kwenye glasi kwa dakika chache tu. Mwenye kuamini kwamba hiyo inatosha, basi na aoshe kidonda chake kwa bia.

Kwa mwenye baa kazi si ngumu. Mabeseni yawe matatu: la kwanza maji na sabuni, la pili maji safi ya kusuuzia, la tatu maji ya klorini. Kwa klorini ya unga ya HTH yenye nguvu ya asilimia 70, kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa hutosha lita 20 za maji, na mchanganyiko huo hutengenezwa upya kila siku, huwekwa mahali penye kivuli, na chombo hufunikwa. Glasi ikitoka humo isuuzwe kwa maji salama na ipinduliwe ijikaushe yenyewe. Isifutwe kwa kitambaa kile kile kinachofuta meza. Mteja naye ana kipimo chake, cha kupendeza hata kwa asiyejali vijidudu. Katika glasi safi povu hukaa na kuacha duara pembeni kila unapopiga funda, lakini glasi yenye mafuta huiua povu mara moja, na mapovu madogo hujishika ukutani kama vipele. Ukiyaona hayo, omba glasi nyingine, au kunywa kwa chupa baada ya kufuta mdomo wake. Na chupa ifunguliwe mezani, mbele yako. Kizibo kikiondolewa nyuma ya kaunta, hakuna awezaye kukuapia kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa kwenye lebo.

Pamoja na malalamiko ya ladha, tunapokea pia maswali kuhusu kiasi. Watu wetu wanahesabu chupa, na chupa zetu ni kubwa. Chupa ya sentilita 72 yenye bia ya asilimia 5 ina gramu 28 hivi za pombe halisi, ambayo ni karibu mara tatu ya kipimo cha gramu 10 kinachotumiwa katika nchi nyingi. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi na kahawa, wala maji baridi ya kuoga, wala maziwa yaliyonywewa kabla ya kutoka. Chupa moja ni kazi ya saa tatu hadi nne. Chupa mbili zilizoisha saa nne usiku zinaweza kuwa bado zimo damuni alfajiri. Mchopo na bukari (ugali) huchelewesha pombe kuingia damuni, na ni vizuri kula, lakini hakuna gramu inayopotea kwa sababu ya mbuzi. Mwanamke, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito ule ule, hulewa zaidi kwa chupa ile ile, na kumshindanisha na wenzake mezani ni ujinga.

Tunawaomba pia wazee wetu waache kuwashauri wajawazito na wanaonyonyesha kunywa bia nyeusi eti inaongeza damu au maziwa. Weusi huo unatokana na kimea kilichokaangwa, hauna uhusiano na damu, na kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa mtu yeyote yule hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, ingawa hatari hupungua kadiri mtu anavyopunguza. Hatuandiki hivyo ili kumharibia mtu jioni yake.

Kuhusu dereva, tutasema kwa ufupi. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo kanuni ya barabarani, haimruhusu mlevi kushika usukani. Kwa kulinganisha tu, Ubelgiji na Ufaransa zinaweka mpaka wa gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwanamume wa kilo 70 akinywa haraka chupa yetu moja kubwa anaweza kuukaribia au kuupita. Acha gari nyumbani. Ukichukua manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, hakikisha kwamba naye hajatoka meza ya jirani.

Mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, kwa mujibu wa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto. Haketi baa, hauziwi bia, na hatumwi depo na chupa tupu ya baba yake. Kila ukaguzi tunaambiwa kwamba «ametumwa tu». Muuzaji anayetoa jibu hilo amekiri mwenyewe kwamba ameuza.

Sasa utaratibu. Lalamiko huletwa kwa maandishi katika ofisi ya komini ambako baa iko, si kwa simu na si kwa kunong’ona na mkaguzi njiani. Liandikwe jina la baa, barabara, tarehe na saa, aina ya bia, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama nyingine zilizochapwa kwenye lebo au shingoni mwa chupa. Chupa ibaki na bia yake, ifunikwe, iwekwe mahali pa baridi, na kizibo chake kihifadhiwe. Mkaguzi anapofika kwenye baa anapaswa kuonyesha kadi yake na hati ya kazi yenye sahihi na tarehe, na mwenye baa ana haki ya kuzisoma kabla ya kufungua mlango wa ghala. Panapokuwa na shaka ya kughushi, huchukuliwa chupa tatu za kasie ile ile na kutiwa muhuri mbele ya pande zote: moja huenda maabara, moja hubaki kwa mwenye baa, ya tatu hutunzwa ofisini iwapo patatokea ubishi.

Mkaguzi huandika hati ya ukaguzi, ile tuiitayo procès-verbal. Mwenye baa huisoma, huongeza maneno yake akitaka, kisha hutia sahihi. Akikataa, kukataa kwake huandikwa, na hati haipotezi nguvu. Kosa dogo, kama beseni moja au kukosa orodha ya bei inayoonekana, huanza kwa onyo lenye muda wa kurekebisha. Orodha hiyo, tukumbushe, ni wajibu chini ya sheria ya Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani: muuzaji anapanga bei yake, ila haipandishi kinywani orkestra inapoanza kupiga. Kosa likirudiwa, linageuka faini, na faini hailipwi mkononi. Mlipaji hupewa hati ya kulipia, yaani note de perception, inayotolewa na DGRAD, idara ya serikali inayokusanya mapato ya kiutawala, hupeleka fedha benki kwenye akaunti ya Hazina ya Serikali, na hurudi na uthibitisho wa malipo. Anayepokea faranga mezani na kusema atakuletea karatasi kesho hafanyi kazi yetu, hata akivaa fulana yetu. Andikeni jina lake. Kufungwa kwa baa huja mwisho, kwa uamuzi ulioandikwa wa mamlaka husika, wala si kwa hasira ya mteja.

Mlalamikaji asiondoke ofisini bila nakala ya barua yake yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Na chupa asiiguse. Hivi karibuni bwana mmoja alituletea barua nzuri ya kurasa mbili, yenye tarehe, saa na majina ya mashahidi wanne, na chupa ndani ya mfuko. Aliiosha kwanza kwa sabuni, ili asituletee kitu kichafu.