Frontosa: mwindaji asiyekimbiza

Ukimwona frontosa kwa mara ya kwanza, na ile nundu ya kwenye paji la uso na milia yake myeusi, utadhani umekutana na samaki jeuri. Hufikia sentimita 30 na kuzidi, na samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake atamezwa. Wengi wanaoniomba niwapangie tangi lake wanamtaka kwa sababu hiyo. Nami huwaambia mapema kwamba kati ya samaki wa mapambo wa maji baridi ninaowatunza, huyu ndiye anayedai utulivu kuliko wote. Karibu kila frontosa mgonjwa ninayeitwa kumwona, kilichomwumiza ni haraka ya mwenye tangi.

Asili yake ni Ziwa Tanganyika, wala hapatikani porini kwingine. Aliandikwa kisayansi mwaka 1906, na mwaka 2003 wataalamu wakamtenga ndugu yake wa upande wa kusini, *Cyphotilapia gibberosa*. Watu wa Kigoma wanamjua migebuka, anayefukuzia dagaa katikati ya ziwa kwa kasi. Frontosa hana kasi hiyo. Hukaa kwenye miamba, mara nyingi mita 20 hadi 50 chini, akisubiri kiza. Samaki wembamba wa jamii ya *Cyprichromis*, ambao mchana huelea makundi makundi, wakishapunguza mwendo usiku, yeye huwasogelea taratibu na kuwameza. Mwili wake umeumbwa kwa kazi hiyo, kwenye maji ya kina ambayo joto lake na kemikali zake hazibadilikibadiliki. Ndiyo maana taa ya tangi ikiwashwa ghafla chumba kikiwa giza, hushtuka na kujigonga kwenye kioo. Washa kwanza taa ya chumba, subiri kidogo, kisha ya tangi, na iwe hafifu.

Sasa maji, na hapa naomba unisome polepole. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) inayokaribia 9. Nyumbani 8.2 hadi 8.8 inatosha, na joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Mawe ya chokaa au mchanga wa matumbawe husaidia kuishikilia pH isishuke. Lakini pH hiyo ya juu ina hatari yake. Taka za samaki hutoa amonia, na amonia majini ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyodhuru sana. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, ile yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 imeshapita theluthi moja. Kwa hiyo kiasi cha uchafu ambacho perege angekivumilia kwenye maji ya pH 7 kinaweza kumwua frontosa. Tangi jipya lazima liendeshwe bila samaki hadi bakteria wa kwenye kichujio wawe wengi wa kutosha kuigeuza amonia yote, kazi inayochukua wiki nne hadi sita. Pima mpaka amonia na naitraiti, sumu inayopatikana amonia inapogeuzwa, zisome sifuri. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Maji mapya yawe na joto na pH ileile, na klorini iwe imeshaondolewa.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini samaki aliyesafiri salama hufa baada ya kufika. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya ukaa anayoitoa hushusha pH, na amonia iliyojikusanya hubaki katika ile sura isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu huku samaki akiwa bado ndani. Kwa frontosa sipendi ule mtindo wa kudondoshea maji ya tangi mfukoni kwa saa nzima. Mfuko nauacha uelee tangini ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha nafungua, namhamisha samaki mara moja, na maji ya mfuko nayamwaga nje. Sharti maji ya tangi yawe yameandaliwa yafanane na ya muuzaji, hivyo muulize pH yake kabla ya siku ya safari.

Chakula: usimpe moyo wala nyama ya ng'ombe, hata akiililia. Mafuta yake hayamfai samaki huyu, na mwisho wake ni tumbo kuvimba, ugonjwa ambao akishakataa kula ni vigumu kumwokoa. Kamba wabichi waliokatwakatwa na vipande vya samaki wa baharini vinatosha, pamoja na punje za chakula zinazozama, zile za samaki wanaokula nyama. Samaki waliokomaa wale mara moja kwa siku, na siku moja kwa wiki wasile. Samaki hai wa kumlisha siwashauri, maana huja na magonjwa yao.

Huishi kwa kundi: dume mmoja na majike kadhaa, kwenye tangi la lita 500 au zaidi, lenye mapango makubwa. Mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, usiwachanganye naye. Wana fujo, wana kasi ya kumnyang'anya chakula, nao wenyewe wanahitaji mlo wa mimea. Jike akianza kubeba mayai mdomoni atakaa hivyo zaidi ya mwezi bila kula vya maana. Mwache, usimkimbize na wavu.

Ukinunua, chagua wadogo waliozalishwa kwenye matangi, ukue nao. Waliovuliwa ziwani wametolewa kwenye kina, na wasipopandishwa kwa hatua kibofu chao cha hewa hutanuka na kuumia. Anayeogelea kichwa chini, au anayeshindwa kukaa chini bila kupigapiga mapezi, mwache dukani hata bei ikishuka. Uliza pia wametoka upande gani wa ziwa, kwa sababu wa Kigoma wana milia saba na wa Burundi sita, na ukiwachanganya watazaliana. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, nunua pampu ya hewa ya betri siku ileile unayonunua tangi.