Kelele za barabara ni nini kwa anayenunua gari la michezo lililotumika

Kelele za barabara ni sauti inayozaliwa pale tairi linapokutana na lami, kisha ikamfikia aliyeketi ndani ya gari. Humfikia kwa njia mbili. Kwanza ni hewa: kashata za tairi, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, hugonga lami na kubana hewa iliyomo kwenye mifereji yake, na mvumo huo hupenya kwenye vioo na sakafu. Pili ni chuma chenyewe, kwa kuwa mtetemo wa tairi hupita kwenye rimu, beringi na bushi (mipira inayounganisha vyuma vya chini ya gari) hadi kwenye bodi, na bodi nzima ikavuma kama ngoma. Njia hii ya pili ndiyo inayochosha zaidi katika safari ndefu, maana mvumo wake ni mzito na kufunga vioo hakusaidii.

Gari la michezo lina kelele hizo kwa maumbile yake. Tairi la 185/65R15 (yaani upana wa milimita 185 na ubavu wa asilimia 65 ya upana huo), ambalo wengi hapa Tanga tunalijua kwa sababu ya gari dogo la Toyota IST, lina ubavu wa milimita 120 hivi. Tairi la 215/45R17 linalofungwa kwenye Toyota 86 lina ubavu wa milimita 97 tu, tena ni pana zaidi. Ubavu ukiwa mfupi, mpira wa kumeza mtetemo unakuwa mchache. Ongeza hapo springi ngumu, bushi ngumu, na vizuia sauti vilivyopunguzwa ili gari liwe jepesi. Anayelipenda gari hilo kwa namna linavyoshika kona analipokea pamoja na mvumo wake.

Tatizo ni kwamba wauzaji wengine hufunika ubovu kwa ukweli huo. Nilimsindikiza jirani yangu wa Chuda kujaribu gari la namna hiyo, na kila tulipouliza kuhusu mngurumo, dalali alijibu kwamba magari ya mbio ndivyo yalivyo. Tulizima redio na feni, tukapandisha vioo, tukatoka Kange kuelekea Pongwe. Kelele halisi za barabara hubadilika lami inapobadilika: kwenye lami kuukuu ambayo kokoto zimejitokeza huwa nzito, na kwenye kiraka kipya kilicho laini hushuka ghafla. Ule mngurumo haukujali lami. Ulipanda na mwendo tu, ukazidi tulipopinda kulia, ukapungua tulipopinda kushoto. Gari likipinda kulia uzito huegemea kushoto, kwa hiyo tulishuku beringi ya upande wa kushoto, na fundi alipoinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono, sote tulisikia linavyokwaruza.

Sauti ya upepo ni rahisi kuitenga, kwani huanza mwendo ukishakuwa mkubwa na hutokea usawa wa kioo au mpira wa mlango. Ya injini na ekzosi utaisikia hata gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta.

Matairi yanastahili muda zaidi. Pitisha kiganja juu ya kashata kuelekea mbele, kisha ukirudishe nyuma. Kiganja kikiteleza upande mmoja na kukwama upande mwingine, kama unayepapasa meno ya msumeno, tairi limelika vibaya na litavuma hata kwenye lami nzuri. Chanzo mara nyingi ni alaimenti (ulalo wa magurudumu) iliyopotoka au shokapu zilizochoka, na matairi mapya yatalika vilevile chanzo kisipoondolewa. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT kwenye ubavu, ambazo huonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira hukakamaa kwa umri na joto, na joto la pwani yetu si dogo, hivyo tairi lenye kashata nene laweza kupiga kelele kuliko jipya. Naona ni kosa kubwa kuangalia unene wa kashata peke yake.

Mazulia ya kuzuia sauti yakibandikwa sakafuni na juu ya magurudumu hupunguza mvumo kiasi, ingawa huongeza uzito ambao mtengenezaji alijitahidi kuukwepa. Mimi ningetanguliza matairi.

Jirani yangu alilinunua gari lile baada ya muuzaji kubadilisha beringi na matairi mawili ya nyuma. Bado linavuma akienda Segera, lakini sasa akifika kwenye lami laini anasikia linavyotulia.