Je, wajua kwa nini treni ya kubeba magogo ilifungwa injini ubavuni?

Katika mji mdogo wa Cass, milimani West Virginia nchini Marekani, kuna kichwa cha treni ya mvuke kilichoundwa mwaka 1905 ambacho mpaka leo kinapanda mlima. Kinaitwa Shay namba 5. Ukikitazama kwa upande wa kushoto hutaona ajabu kubwa. Zunguka kulia sasa: silinda tatu zimesimama wima ubavuni, na chini yake mhimili mrefu wa chuma umelala sambamba na reli, ukishikana na kila gurudumu kwa gia zenye meno. Boila nalo halikukaa katikati, limesogezwa kushoto. Asiyejua atadhani fundi alikosea vipimo.

Hakukosea. Boila lilisogezwa ili uzito wake ulingane na ule wa silinda za upande wa pili. Na silinda ziliwekwa pale kwa sababu ya mlima.

Mwaka 1901 kampuni ya karatasi ya West Virginia Pulp and Paper ilianzisha Cass kando ya mto Greenbrier. Miti iliyotakiwa ni sprusi nyekundu, mti wa baridi unaoota juu kabisa mlimani. Zamani, misonobari ya mabondeni ilielea yenyewe mtoni hadi kwenye viwanda vya kupasua mbao. Sprusi ilikuwa mbali na mto wowote wa maana, kwa hiyo ilibidi reli iifuate huko huko.

Shida ni kwamba treni si mnyama wa milima. Chuma juu ya chuma huteleza, ndiyo maana njia kuu za reli kwa kawaida hazizidishi mwinuko wa mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Reli ya Cass mahali pengine inapanda mita 11. Kichwa cha kawaida husukuma magurudumu yake makubwa machache tu kwa vyuma vya kwenda na kurudi, na nguvu huja kwa mikupuo. Kila mkupuo ni nafasi ya kuteleza. Tena behewa la nyuma yake, lililobeba maji na makaa, ni uzito wa kukokotwa usiosaidia kushika reli.

Jibu lilitoka kwa mkata magogo wa Michigan, Ephraim Shay. Miaka ya 1870 alikuwa na reli yake ya mbao, na vichwa vya kawaida vilikuwa vikiiponda. Akabuni mashine nyepesi ya gia, na mwaka 1881 akapata hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake. Kiwanda kimoja cha mji wa Lima, Ohio, kiliziunda zaidi ya 2,700 hadi mwaka 1945.

Ujanja wake ni kwamba kila gurudumu linafanya kazi, hata yale yaliyo chini ya tangi la maji. Uzito wote wa mashine unageuka kuwa mshiko. Gia nazo hufanya kile anachofanya dereva wa lori akifika mlimani: anashusha gia, anapoteza mwendo, anapata nguvu. Ule mhimili una viungo vinavyokunjika na kurefuka, kwa hiyo magurudumu hufuata kona kali na reli zilizopinda bila kung'oka. Na reli za magogo zilipinda kweli. Matawi mengi yalitandikwa haraka, miti ikiisha mataruma na reli vinang'olewa na kupelekwa bonde la pili.

Gharama yake ni mwendo. Cha kuchekesha, masikio hudanganyika: gia zinafanya silinda zipumue haraka haraka, ukisikia kwa mbali utadhani treni inakimbia kama mshale, kumbe inajikongoja.

Palipokuwa pakali mno hata kwa Shay, reli ilikatwa kwa mtindo wa Z. Treni inapanda, inapita njia panda, njia inabadilishwa, kisha inapanda kipande kinachofuata kinyumenyume. Kupanda kutoka Cass, kwa sehemu kubwa ya njia kichwa hukaa upande wa bondeni na kuyasukuma mabehewa. Hapo kiungo cha mabehewa kikikatika, behewa litakutana na kichwa. Halitateremka lenyewe hadi mjini.

Kampuni ya Mower Lumber ilinunua mali yote mwaka 1942, na mwaka 1960 ikafunga. Reli zilikuwa zimeanza kuuzwa kama chuma chakavu pale Russell Baum, mpenzi wa treni kutoka Pennsylvania, alipowashawishi viongozi wa jimbo wainunue. Watalii wa kwanza walipanda mwaka 1963, wakakaa kwenye mabehewa yaleyale ya magogo, yaliyofungwa viti na paa. Safari ndefu huishia Bald Knob, kilele cha karibu mita 1,476, na sprusi zimeota tena kandokando ya njia.