Gari ikichemsha siyo lazima gasketi: tunayoambiwa gereji kuhusu silinda hedi

Corolla yangu 110, ile yenye injini ya 5A, ilichemsha nikiwa napandisha mlima Kitonga na magunia ya mahindi nyuma, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria ya ubwabwa. Nikabadilishiwa gasketi ya hedi, hedi ndiyo kile kichwa kinachofunika silinda juu ya injini. Wiki sita baadaye ikaungua tena, nikabadilishiwa tena, fundi ananiambia spea za siku hizi feki bosi, hamna namna. Fundi wa tatu hata hedi hakuigusa, alizima injini akaanza kupapasa rejeta tu, ile ya mbele inayopoza maji ya injini, huku ya moto huku ya baridi kabisa, akasema hii nusu imeziba kutu. Yaani nanunua gasketi mbili wakati muuaji kakaa mbele pale ananiangalia. Tangu hapo nikisikia watu wanaongelea gasketi nashindwa kunyamaza.

"Imechemsha, basi gasketi imeungua"

Mara nyingi ni kinyume chake. Gasketi ile kazi yake ni kukaa katikati ya hedi na bloku, yaani kiwiliwili cha injini chini yake, izuie vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji na oili. Sasa kwenye injini kama 5A bloku ni chuma lakini hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, halafu imebanwa na bolti haina pa kwenda, ikizidishiwa joto inapinda. Ikishapinda hata kidogo tu gasketi inakosa kubanwa sawasawa, moto unapata upenyo, ndiyo hapo inaungua. Kwa hiyo kuna kitu kilizidisha joto kwanza. Feni haiwaki, rejeta imeziba, hosi imepasuka, wota pampu inavuja, au kile kifuniko cha rejeta ambacho watu wanakidharau sana. Angalia juu ya kifuniko kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha kinachoshikilia, na presha hiyo inafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Springi ikilegea maji yanachemka kwenye 100 kama ya chai, na ukiwa juu kama Mbeya au Nairobi ni kama 94 tu. Kifuniko cha bei ya chakula cha mchana kinakuua injini.

"Toa themostati, huku kwetu joto"

Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote maana karibu kila gari ya mtumba unayonunua unakuta kuna mtu ameshaitoa. Themostati haileti joto jamani, inafunga maji mpaka injini ifike kwenye joto la kazi, nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, halafu inafungua. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, oili inachafuka haraka. Halafu kuna injini, mfano 1HZ ya Land Cruiser, themostati yake ina kisahani cha chini ambacho ikifunguka kinaziba ile njia ya mkato ya maji. Ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengine yanazunguka kwenye injini bila hata kupita kwenye rejeta, umetoa themostati ili ipoe na sasa ndiyo inachemsha zaidi mlimani. Hata ile ya kununua isiyo na hicho kisahani ina shida hiyohiyo. Kama imeharibika weka nyingine, usiache tundu.

"Kifuniko cha oili kina povu la maziwa, gasketi imekwenda"

Inawezekana, lakini subiri kwanza. Gari inayokwenda safari fupifupi sehemu za baridi, mtu anaendesha dakika tano kazini anarudi, inatengeneza unyevu ndani na unaganda pale kwenye kifuniko. Chomoa stiki ya oili. Kama oili ya kwenye stiki ni safi na maji hayapungui, futa kifuniko uendelee na maisha. Na kinyume chake pia, oili kuwa safi siyo ushahidi kwamba gasketi nzima, maana inaweza kuungua upande wa moto na maji tu, oili isiguswe kabisa.

Kuna na nyingine, unafungua rejeta unakuta rangi ya waridi kama maziwa ya strawberry. Kwenye gari za otomatiki hiyo mara nyingi siyo gasketi, ni kipoozeo cha oili ya giaboksi kilichopo ndani ya rejeta kimetoboka, na ukikimbilia kufungua hedi giaboksi nayo inakufa huku unasubiri.

Moshi mweupe asubuhi hivyohivyo, ni mvuke, ukiisha baada ya dakika chache hamna kesi. Usioisha hata injini ikipata moto, na maji yanapungua bila kuona yanapovujia, huo ndiyo wa kukosea usingizi. Kwenye dizeli unaweza hata kuwa nozeli tu, zile zinazopuliza mafuta kwenye silinda.

Kujua kwa uhakika siyo uchawi. Kuna dawa ya bluu inawekwa juu ya mdomo wa rejeta, gesi ya moshi ikiwemo kwenye maji inageuka njano. Kuna kupima kampresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, ukikuta silinda mbili zinazopakana zote ziko chini hapo katikati yao ndipo penye shida. Fundi asiyepima chochote anayesema "tufungue tuone" anakuchimbia mfuko.

"Mshale haujapanda, kwa hiyo haijachemsha"

Sensa ya joto inapima maji. Maji yakiisha inabaki hewani, na mshale unaweza kukaa pale katikati au hata kushuka wakati hedi inaiva. Watu wanaona mshale umeshuka wanafurahi wanakanyaga. Passo na Vitz nyingi hata mshale hazina, ni taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka hamna "nifike pale mbele kwenye sheli", simama hapohapo. Na usimwagie injini maji ya baridi, usifungue rejeta, iache hata nusu saa au zaidi. Hedi ya moto ukiishtua na maji inapasuka, waulize wenye Prado na Surf zenye injini ya 1KZ, zile hedi zake hazijaribiwi.

"Ni kubadilisha gasketi tu, masaa matatu umemaliza"

Gasketi yenyewe ni nyembamba kama karatasi ngumu, au mabati membamba yaliyopangwa kwenye injini za karibuni. Kazi iko kwingine. Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, Toyota nyingi zinakubali kupinda mpaka 0.05 ya milimita hivi, ikizidi hapo inapelekwa kuskimiwa, yaani kuchongwa iwe bapa, kwenye mashine, siyo kusuguliwa na msasa kwa mkono maana msasa unatengeneza mabonde. Ipimwe na nyufa hukohuko. Bolti zifungwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na zile zinazomaliziwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa zimeshavutika, nyingi zinatakiwa mpya. Fundi akikaza kwa bomba refu na kusema "mkono wangu unajua" mshukuru uondoke na gari yako. Silikoni kwenye gasketi ya hedi pia hapana, inawekwa kavu isipokuwa kiwanda cha injini kimeandika vingine.

Na wenye injini za 2AZ, zile za Harrier na RAV4, kwenu hata gasketi inaweza isiwe na kosa, kuna miaka nyuzi za bolti ndani ya bloku zinang'oka zenyewe, hasa upande wa nyuma. Hapo ukiweka gasketi kumi zote zitavuja mpaka matundu yachongwe upya na kuwekewa nyuzi za chuma.

"Weka yai"

Nimeona yai, nimeona pilipili manga ya unga, nimeona na zile dawa za chupa kutoka dukani. Kwenye kitundu kidogo cha rejeta vinaweza kukusogeza mpaka mjini, sikatai. Kwenye gasketi ni habari nyingine, pale moto wa silinda unapiga kwa presha ambayo yai haliwezi hata dakika, halafu hiyo hiyo dawa inaenda kuziba rejeta na rejeta ya hita. Yangu fundi alipoikata ile rejeta ya zamani ndani alikuta kutu na vitu vyeupe vimegandamana, sijui mwenye gari wa kwanza alikuwa anapika nini mle.