Je, Einstein Anaifuta Maada ya Giza? Dhana na Ukweli

Dhana: Wanaastronomia walikokotoa mwendo wa nyota kwa kanuni kuukuu za Newton; laiti wangetumia nadharia ya Einstein ya uhusianifu wa jumla, yaani maelezo yake ya mvutano ya mwaka 1915, maada ya giza, ile isiyoonekana inayodhaniwa kuzishikilia nyota za galaksi kwa mvutano wake, isingehitajika.

Ukweli: Hoja hii husikika kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo na kwa wanafunzi wa Mlimani vilevile, wala si ya kipuuzi. Newton kweli alipelea kwa sayari Utaridi, ambayo mzingo wake husogea sekunde 43 za pembe kila karne zaidi ya hesabu yake, na Einstein ndiye aliyeliziba pengo hilo. Hata simu ya dereva wa bodaboda anayetafuta njia kutoka Mbagala hadi Tegeta hutegemea masahihisho ya Einstein, maana saa za setilaiti zisiporekebishwa hutangulia za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kila siku.

Lakini masahihisho hayo yana kipimo chake. Jua, pamoja nasi, huuzunguka moyo wa galaksi yetu (ule unaopita karibu na utosi usiku wa Julai, kwa aliyejitenga na taa za jiji) kwa kasi ya kama kilomita 220 kwa sekunde, ilhali mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000. Gawanya kasi ya kwanza kwa ya pili, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata takriban sehemu moja katika milioni mbili, na hicho ndicho kiasi ambacho Einstein hutofautiana na Newton katika suala hili. Pembezoni mwa galaksi, maada inayohitajika kuzishikilia nyota na gesi ziendazo kasi vile ni mara kadhaa ya ile inayoonekana. Anayedaiwa shilingi milioni mbili haponi kwa kulipa shilingi moja.

Dhana: Wanafizikia Fred Cooperstock na Steven Tieu walikwisha kuthibitisha mwaka 2005 kwamba Einstein anaifuta maada ya giza.

Ukweli: Walidai hivyo, lakini wenzao walipoichambua hesabu yao waliikuta imebeba, bila wao kukusudia, sahani nyembamba ya maada isiyo ya kawaida katika ulalo wa galaksi.

Dhana: Maada ya giza ilibuniwa kwa ajili ya mzunguko wa galaksi tu.

Ukweli: Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliishuku mwaka 1933 kwa kupima kasi za galaksi katika kundi la Coma, miaka mingi kabla ya wenzake Vera Rubin na Kent Ford kuchapisha vipimo vya mzunguko wa galaksi ya Andromeda mwaka 1970. Ushahidi ninaouona mzito zaidi ni wa mwaka 2006, kutoka makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, yaliyopachikwa jina la Risasi. Gesi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada yao ya kawaida, ilikwama katikati, lakini mwanga wa galaksi za nyuma ya makundi hayo ulipindwa na mvutano zaidi pembeni, ambako gesi hiyo haikuwapo: ishara kwamba huko ndiko iliko maada nyingi isiyoonekana. Na kanuni iliyotumika kuupima mpindo huo ni ya Einstein mwenyewe.