Chama cha walimu si mwajiri wako

"Chama kimeshindwa kunipandisha daraja." Kauli hii haipiti wiki sijaisikia. Kazi yangu ni mashauri ya kazi, na wateja wangu wengi ni walimu wa shule za serikali hapa Dar es Salaam. Sijaajiriwa na chama chochote na sina sababu ya kukipamba. Ila inachosha kuona chama kikitukanwa kwa kazi isiyo yake, huku ile iliyo yake hakuna anayekuja kuidai.

Mwalimu wa serikali ana mwajiri, naye ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Hapa Dar wako watano: wa Jiji, ambalo ndiyo Ilala ya zamani, wa Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kuthibitishwa kazini, kupanda cheo na nidhamu viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 ikarithi kazi za Idara ya Utumishi wa Walimu (TSD). Ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, na vibali ni mambo ya Ofisi ya Rais Utumishi, hela zinatoka Hazina, na shule zenyewe zinasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Pitia mlolongo wote huo, hutakuta mahali ambapo katibu wa chama wa wilaya anatia saini. Ukimwachia suala lako la daraja "alishughulikie" kisha ukarudi Mbagala kusubiri, utasubiri sana.

Anachoweza ni kwenda kwa afisa utumishi kuuliza faili limekwama meza ya nani, kuandika barua, na kukaa upande wako kwenye kikao. Tatizo likiwa la walimu mia tatu badala ya mmoja, analipandisha mkoani hadi taifa. Hapo ndipo chama kina meno. Walimu waliokuwa kazini 2016 wanakumbuka upandishaji madaraja uliposimamishwa kwa ajili ya uhakiki. Watu walikaa daraja moja miaka mingi, wengine walioajiriwa pamoja nao wakawapita. Huo mserereko mnaousikia, wa kuwarudisha waliocheleweshwa kwenye daraja wanalostahili, haukuja kwa mwalimu mmoja mmoja kubisha hodi TAMISEMI. Ulitokana na kelele za pamoja. Kwa hiyo swali la kumuuliza katibu wako si "daraja langu liko wapi" peke yake. Muulize pia wilayani kwetu tuko wangapi, orodha yetu iko wapi, na imefika kwa nani.

Sasa niwaseme na nyinyi kidogo. Mwalimu anakuja kudai malimbikizo ya miaka minne. Namwomba barua ya kupandishwa cheo, ananionyesha picha kwenye simu, muhuri umekatika nusu na tarehe haisomeki. Hati ya mshahara ya mwezi kabla ya kupanda? Hana. Ya mwezi alipoanza kulipwa mshahara mpya? Hana. Uliandika barua ya madai? "Nilimwambia Mkuu akasema atalifuatilia." Huyu ndiye anayeondoka akisema chama kimekula hela yake! Hata kiwe chama cha malaika, kitasimama mbele ya afisa utumishi na nini mkononi?

Nunua faili la elfu moja. Weka barua ya ajira, ya kuthibitishwa, za kila cheo, za uhamisho, na hati za mshahara za miezi ya mabadiliko. Barua yoyote unayoandika ipitishe kwa Mkuu wa Shule (ile K.K., Kwa Kupitia), toa nakala mbili, na usiondoke masjala mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kundi la WhatsApp la shule si masjala. Nimelisema hili mpaka koo limekauka.

Ndugu wa dai hilo la malimbikizo ni lile la fedha za uhamisho. Mwalimu katoka Mvomero, Morogoro, kaja Temeke kumfuata mwenzi wake, anataka chama kimdaie nauli, mizigo, posho ya kujikimu na ya usumbufu. Nasoma barua yake: "umekubaliwa kuhama kwa ombi lako mwenyewe." Basi, hapo hakuna dai. Mwajiri analipa akikuhamisha yeye. Ukiomba mwenyewe unajigharamia, na hakuna katibu wala wakili wa kubadilisha hilo. Ila kama umehamishwa na mwajiri na hujalipwa, mfuate katibu upesi. Hilo ni dai halali na ni kazi yake hasa.

"Ninakatwa, kwa hiyo mimi ni mwanachama." Si lazima. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kinakata asilimia 2 ya mshahara, maana yake kwa mshahara wa laki nane ni elfu kumi na sita kila mwezi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ada ya uanachama inakatwa kwa idhini yako, na idhini hiyo inatolewa kwa fomu ya TUF 6. Ukitaka kuiondoa, unatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, kwa kuwa mazungumzo yake yanawanufaisha wote. Ada hiyo haitakiwi kuzidi ya mwanachama, inapaswa kuwekwa kwenye akaunti yake peke yake, na haimlazimishi mtu kujiunga. Kwa hiyo kabla ya kugombana na mhasibu wa Halmashauri, jua kwanza unakatwa kwa lipi kati ya hayo mawili. Wapo wanaokatwa miaka kumi hawajawahi kujaza fomu yoyote wala kuhudhuria mkutano mmoja wa chama, halafu wanalalamika kuwa viongozi wanachaguana. Wasipochaguana wao, nani atawachagua, na wewe siku ya uchaguzi uko Kariakoo?

Fulana za Mei Mosi ambazo chama huwagawia wanachama nazo zimegeuka kipimo chake. Mwaka zikichelewa, ofisi za wilaya hazipumui. Laiti presha hiyo ingekuwa inaelekezwa kwenye hesabu za ada.

"Chama ni kimoja tu, huna pa kwenda." CWT kilisajiliwa 1993 na ndicho kikubwa, lakini sheria haimfungi mwalimu kwenye chama kimoja. CHAKUHAWATA, chama kingine cha walimu, kipo, na kuna walimu waliohamia huko. Jua tu kwamba haki ya kukaa na mwajiri kujadiliana inakwenda kwa chama chenye wengi.

Mgomo. Wapo wanaoamini katibu mkuu akitangaza jioni, asubuhi unabaki nyumbani na uko salama. Mgomo wa walimu ulioanza Julai 30, 2012 ulisimamishwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, Agosti 2. Walikuwa na madai ya kweli ya mishahara na posho, lakini mahakama ilitazama utaratibu. Sheria inataka mgogoro upite kwenye usuluhishi, kura ipigwe, taarifa itolewe. Mgomo usiofuata hayo hauna kinga, na mtumishi asiyeonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ana kosa la utoro linaloweza kumfukuzisha. Usigome kwa sauti iliyosambazwa WhatsApp.

"Benki ya walimu ipo, kwa hiyo nina hisa." Una hisa ulizonunua. Ukiwa hukununua, huna. Kukatwa asilimia 2 si kununua hisa za Mwalimu Commercial Bank.

La mwisho ni la wazazi, na baadhi ya walimu wanalibeba pia: kwamba chama kinawakingia kifua walimu wazembe na wanaopiga watoto ovyo. Mwanachama ana haki ya kuwa na mwakilishi kwenye kikao cha nidhamu. Mwakilishi anahakikisha mashtaka yameandikwa, mwalimu amepewa nafasi ya kujitetea na adhabu inalingana na kosa, lakini hafuti kosa. Kanuni za viboko zinasema visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu aliyechapa kumi na mbili kwa hasira, bila idhini na bila kuandika, akija na mwakilishi wa chama atabaki amechapa kumi na mbili. Mimi pia kesi hiyo naipokea, ila bei yangu inapanda.