Kumwandikisha mzee mwenye shida ya kumbukumbu ni kuwaandikisha watu wawili

Nimezunguka vihamba vingi, yaani mashamba yanayozunguka nyumba za Wachagga, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, nikitafuta wazee wa kushiriki utafiti wa mazoezi kwa watu ambao kumbukumbu yao imeanza kupungua, na jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: "Hapa hakuna mgonjwa, ni uzee tu." Utafiti uliofanyika wilayani humo, ukachapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ilhali ni nadra kumkuta mzee aliyewahi kuelezwa hivyo na daktari. Ndiyo maana orodha za hospitali hazitoshi, na mtafiti hana budi kupita nyumba kwa nyumba akiongozana na viongozi wa kijiji.

Kwa upimaji wa awali tunatumia kipimo cha IDEA, ambacho hakimlazimu mzee awe amesoma: anapanga njiti za kiberiti, anataja siku ya leo, anataja jina la mwenyekiti wa kijiji. Bibi mmoja alizipanga njiti zake sawasawa, kisha akakosa jina la mwenyekiti aliyetuleta na kuketi kibarazani pake. Binti yake, kwa huruma, akaanza kumnong'oneza. Nilimwomba binti atupishe kidogo, lakini hapohapo nilitambua kuwa bila yeye bibi hataweza kushiriki, kwa kuwa ndiye atakayekumbuka siku ya mazoezi, atakayemfunga viatu na kuacha shamba lake ili amsindikize. Tangu hapo mimi huanza kwa kumuuliza mlezi ni saa ngapi ana nafasi, na msimu wa kupanda siandikishi mtu.

Ridhaa ndiyo inayonikosesha usingizi. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, lakini alama hiyo haina uzito mkubwa ikiwa kesho yake mwenyewe hakumbuki kuiweka. Kwa hiyo mimi huomba ridhaa upya kila siku ya mazoezi, na mzee akigeuza uso au akiondoa mkono wake, nahesabu hilo kuwa kukataa, hata kama familia imekubali.

Vilevile simwahidi mtu kuwa kumbukumbu itarudi. Utafiti wa DAPA wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018 ukiwa na washiriki 494 wenye demensia, ulionyesha kuwa mazoezi makali kiasi yaliongeza nguvu za mwili kwa muda, lakini hayakupunguza kasi ya akili kudhoofika. Binti nilimweleza hayo yote. Alinyamaza kidogo, akasema kuwa mama akiweza kuinuka kitini bila kushikwa, kwake hilo linatosha.

Siku ya tatu bibi alikataa, tukanywa chai, tukaondoka. Wiki iliyofuata alikuja ameshikwa mkono na bintiye, akauliza mimi ni nani. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza upya.